Kwa Nini Mama Mkwe wa Irembwe Humpa Bibi Harusi Kamba

Mmeiona leo mchana ile kamba. Mama mkwe kaitoa kifuani, chakavu, imekuwa nyeusi kwa jasho la mikono, akamvika bibi harusi shingoni juu ya shanga zote nzuri, na nyinyi wasichana mkashikana mbavu kwa kicheko. Mimi pia nilicheka siku yangu. Nilidhani mama mkwe ananifunga nisitoroke. Basi sogeeni, acheni kumenya njugu kidogo, niwaambie ile kamba ilitoka wapi.

Zamani hizo mbingu zilikuwa chini. Sitii chumvi. Zilikuwa chini hata wapika pombe waliambiwa wapunguze kuni mbichi, kwa sababu moshi uliziumiza nyota macho. Na nyota zenyewe hazikutulia kama hizi za leo. Zilitembea. Mtu akizitazama wakati wa kupanda ulezi, kisha akazitazama tena wakati wa kuvuna, alikuta hii imesogea huku na ile imesogea kule, kama ng'ombe waliofunguliwa asubuhi.

Mtoto alipozaliwa Irembwe, mkunga alitoka nje jua likishazama, akanyoosha kidole kwenye nyota iliyochomoza juu ya paa la ghala, akasema, "Ile ni yake." Ilikuwa yako mpaka kufa. Ulipofika wakati wa kuoana, wazee walipanda juu ya Jiwe la Kutazamia, lile jiwe bapa nyuma ya kisima, wakaangalia nyota ya mvulana na nyota ya msichana. Zikiwa zimekaribiana, walisema zimefungana, na pombe ilianza kupikwa siku hiyo hiyo. Zikiwa mbali, hata kama wawili wenyewe wanalia kwa kwikwi, jibu lilikuwa hapana. Wazee walitazama kutoka kwenye jiwe lile tu. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini wasitazame kutoka mahali pengine. Jiwe lilikuwa bapa, lilikuwa karibu na nyumbani, na wazee wana magoti yanayouma.

Katika siku hizo aliishi mwanamke mmoja, jina lake Sekela, mfinyanzi wa vyungu. Nyota yake ilikuwa nyeupe. Nyota ya Ipyana, mwana wa mama Ikupa, ilikuwa ya manjano kidogo, na kutoka kwenye jiwe hungeweza kupitisha unywele kati yao. Mzee Mwasulama, mkubwa wa watazamaji, alisema tangu aanze kuozesha watu hajaona nyota mbili zilizoshikana namna ile. Wakaoana. Na walipendana, msije mkadhani hawakupendana. Ipyana alikuwa na kawaida ya kupiga mluzi akiwa bado chini kwenye migomba, ili mkewe ajue anakuja na abandike maji. Alipiga mluzi vibaya sana. Kijiji kizima kilimcheka, na Sekela alicheka kuliko wote, huku mikono yake ikishateka maji.

Mwaka wa pili wa ndoa yao, kabla hawajapata mtoto, Ipyana alikwenda na wenzake nchi ya chumvi kupeleka majembe na kuleta chumvi. Alisema atarudi ulezi haujavunwa. Wenzake walirudi. Yeye hawakurudi naye. Walisema walipofika kwenye chumvi alitaka kwenda mbele kidogo akaone ziwa, akawaambia wasubiri siku tatu. Walisubiri sita.

Sheria ya wakati ule ilikuwa moja. Nyota zilizofungana hazifunguki, kwa hiyo aliyefungwa nazo atarudi tu, na anayemngoja angoje. Wazee walimvika Sekela bangili ya shaba mkononi, bangili ya kusubiri. Mwenye bangili ile hachezi ngoma, harudi kwao, hasemeshwi na mwanamume njiani. Na kila jioni anapika sehemu ya mumewe, anaiweka mlangoni ndani ya bakuli la udongo ikiwa moto, wala haiguswi mpaka asubuhi. Liliitwa bakuli la msafiri. Asubuhi Sekela na mama mkwe wake walikila kile chakula kimeshapoa, kimeganda, na hawakutazamana machoni.

Ulezi ulivunwa mara saba. Sekela alimkumbuka mumewe mpaka ukumbuko ule ukawa kazi, kama kukanda udongo, kazi inayochosha mabega. Mtu yeyote akipiga mluzi huko chini kwenye migomba, mikono yake ilikwenda kwenye mtungi wa maji kabla akili haijamwambia kwamba mluzi ule ni mzuri mno, hauwezi kuwa wake. Kila jua lilipozama alitoka nje akazitazama zile nyota mbili. Ziko pamoja. Basi aliingia ndani akalala.

Mwaka wa nane mto ulifurika ukachukua ukingo wote wenye udongo mzuri. Wafinyanzi wakaambiana kuna udongo kilima cha Nkuyu, ng'ambo ya bonde, mwendo wa siku nzima. Sekela alikwenda. Mvua ilimkamata huko, akajihifadhi kwenye kibanda cha walinda nyani. Jioni mvua ilipokatika alitoka nje, akainua macho kama alivyozoea, kuzitafuta nyota zake mbili.

Zilikuwa zimeachana. Kati ya ile nyeupe na ile ya manjano palikuwa na nafasi ya kuingiza kiganja kizima.

Alipiga yowe, na hapakuwa na wa kumsikia ila nyani. Usiku ule hakulala. Kesho yake alishuka na udongo kichwani, akapita moja kwa moja mpaka kwenye Jiwe la Kutazamia, akasubiri jua lizame. Kutoka pale nyota zilikuwa zimeshikana kama siku zote, bila nafasi ya unywele.

Alimweleza mama Ikupa. Yule mama alikuwa akichambua mboga, akasema bila kuinua kichwa, "Umechoka, mwanangu. Na mvua ilikunyeshea. Mtu akilowa huona mambo."

"Sikuota, mama."

"Basi ni lipi linasema uongo, jiwe au kilima?"

Sekela alikwenda kwenye vyungu vyake vibichi vilivyopangwa juani, akachukua viwili, akaviweka kimoja mbele na kingine nyuma hatua tano. Akamketisha mama mkwe wake chini. "Unaonaje, mama?"

"Vimegusana."

"Sasa njoo huku pembeni."

Mama Ikupa alisogea. Chungu kimoja kilikuwa huku, na kingine kule nyuma, peke yake. Alivitazama muda mrefu. Kisha akauliza, "Na vingekuwa vimegusana kweli?"

"Popote ambapo ungesimama, vingegusana. Na mmoja wetu akivibeba, vingekwenda pamoja."

Mama Ikupa alirudi kwenye mboga zake. Alikuwa na la kuogopa, na nawaambia lilikuwa kubwa. Mume alikwisha kumzika. Mwana hakuwa na mwingine. Sekela akionekana hajafungwa na Ipyana, bangili itavuliwa, naye atarudi kwao, na huyu mama atabaki na nyumba yenye milango miwili na mtu mmoja. Angeweza kusema hapana. Angeweza kwenda kwa Mzee Mwasulama akasema mkwe wangu amerukwa na akili, na wangemwamini. Mboga zilipoiva alimpakulia Sekela kwanza, akasema, "Tutapima. Jicho la mara moja si shahidi. Tutapima jiweni na tutapima kilimani, na tutapima miaka mitatu. Nataka kujua na mimi kama mwanangu anakuja."

Walipima hivi. Sekela alisokota kamba, akafunga kijiti kwenye ncha moja. Ncha ya pili aliiuma kwa meno, akanyoosha mkono mpaka kamba ikakazana, ili kijiti kikae umbali ule ule kutoka kwenye jicho kila siku. Kisha akaitazama nyota kwa ukingo wa kijiti, akasogeza ukucha mpaka penye nyota ya pili. Kwa kuwa mwenye kamba mdomoni hawezi kusema, aliguna, na mama Ikupa akachukua kipimo cha ukucha ule akakifunga fundo kwenye kamba nyingine ya kumbukumbu. Walipima wakati wa kupanda, wakati wa kupalilia na wakati wa kuvuna. Kila walipopima jiweni, walifunga pia chakula cha njiani wakaenda Nkuyu. Mama Ikupa naye alikuwa na magoti, lakini alipanda.

Mwanzoni walipata taabu, kwa sababu nyota zote zilitembea na hawakuwa na mahali pa kuanzia kupima. Ndipo mama Ikupa akasema, "Anzia kwenye ile yangu. Iko pale karibu na yako, na haijawahi kwenda popote." Nyota ya mama Ikupa ilikuwa ndogo mno, nyekundu, kama punje ya ulezi iliyodondoka. Siku aliyozaliwa mkunga aliitafuta mpaka akacheka. Wazee hawakuwahi kuitazama zaidi ya mara moja. Basi Sekela akaifanya kigingi. Alipima kutoka ile ndogo mpaka yake, kisha kutoka yake mpaka ya Ipyana, na kila kipimo kikapata kamba yake ya mafundo.

Msimu baada ya msimu, mafundo ya Ipyana yalitengana. Fundo la pili lilikuwa mbali kuliko la kwanza, la tatu mbali kuliko la pili. Sasa hata kutoka jiweni nafasi ilianza kuonekana, nyembamba kama ufa wa chungu. Nyota ya manjano ilikuwa inashika njia yake kwenda magharibi, bila haraka na bila kugeuka. Haikuwa imekasirika na ile nyeupe. Ilikuwa tu haijui kwamba ipo. Ilikuwa mbali kule nyuma siku zote, na wazee waliona zimeshikana kwa sababu ya mahali walipokaa.

Siku Sekela alipoelewa hivyo, alilia kwa sauti. Mama Ikupa alilia naye, kila mmoja akimlilia mtu yule yule. Asubuhi hawakula chakula cha bakuli la msafiri, waliwamwagia kuku, na tangu siku hiyo hawakuliweka tena mlangoni.

Mavuno ya mwaka wa tatu yalipofika, Sekela aliinyoosha ile kamba ya pili, ya kigingi, ambayo hakuwa ameitilia maanani. Mafundo yake yalikuwa sawasawa. Jiweni, kilimani, mwaka wa kwanza, mwaka wa tatu, kipimo ni kile kile. Nyota yake nyeupe ilikuwa imesafiri mwendo mrefu miaka ile, na kile kinyota chekundu kilikuwa kimesafiri nayo. Tena kilikuwa kinaizunguka. Wakati wanaanza kupima kilikuwa chini yake, baadaye kikawa ubavuni, na sasa kilikuwa juu, kama mbuzi anavyozunguka mti aliofungiwa. Alihesabu mafundo mara mbili. Hakumwambia mama Ikupa. Hakujua aseme nini, na siku ile ndiyo waliyopanga kwenda kwa wazee.

Mzee Mwasulama hakuamini. Lakini alikuwa mtu wa haki, na alikubali kupandishwa Nkuyu, siku mbili njiani kwa ajili ya mguu wake mbovu. Jioni alitazama. Akaomba kamba, akaiuma, akatazama tena. Kisha akakaa chini kwenye majani yenye umande.

"Nimeozesha watu miaka arobaini," alisema. "Nimewakatalia wengine arobaini."

Akamwita Sekela, akamvua bangili ya shaba kwa mkono wake mwenyewe. "Umefunguliwa, mwanangu. Nenda kwenu. Na utusamehe."

Habari zilifika Irembwe kabla yao. Watu wakaanza kumiminika Nkuyu na kamba mdomoni, mke huku na mume kule. Waliokuta nafasi walitupiana vyombo nje. Waliokataliwa zamani walikuja na watoto wao wakubwa kudai ndoa za ujanani. Mke wa Mzee Mwasulama naye alikwenda kupima. Alirudi, akafunga mzigo wake, akaufungua, akaufunga tena. Vijana walikata miti mirefu wakaitia kulabu, wakaanza kuzivuta nyota upande upande ili wazione vizuri, na nyota zililia kama watoto wanaotolewa mwiba. Hakuna aliyekuwa na subira ya misimu mitatu. Kila mtu alitaka jibu jioni ile ile.

Asubuhi moja, fujo ile ikiendelea, Sekela alifunga mzigo wake. Mama Ikupa alimsaidia kukaza kamba, akamwekea ulezi wa njiani, akamwambia asipite mtoni penye utelezi. Hakumwambia abaki hata mara moja. Waliagana mlangoni kwa heshima, kama watu walioonana jana na watakaoonana kesho. Sekela alitembea polepole kuliko alivyohitaji, na jua lilipozama alikuwa amefika tu kwenye njia panda ya mto.

Hapo ndipo mbingu zilipopanda. Hazikupiga radi wala hazikupasuka. Zilichoka kuvutwa, zikainuka taratibu, kama mtu anavyoinua kitambaa mezani ili asimwage kitu. Sekela alizitazama zikienda. Aliitafuta nyota ya Ipyana, akaiona, kisha nyingine zikajipanga mbele yake na pembeni yake, maelfu, na akaipoteza. Alitazama mpaka shingo ikauma. Hakuiona tena, wakati ule wala maisha yake yote.

Akatafuta yake. Ile nyeupe ilikuwa inapanda, na kile chekundu kinapanda nayo, vinakaribiana kadiri vinavyokwenda mbali, mpaka jicho halikuweza kusema ni viwili. Kikabaki kinukta kimoja. Mtu mwingine yeyote angesema ni nyota moja, iko peke yake. Sekela alikuwa na kamba yenye mafundo yote sawa, na ndiye mtu pekee duniani aliyejua kwamba ni mbili. Aligeuza mzigo wake akarudi kwa haraka, akapita penye utelezi.

Nyumba ilikuwa kimya, moto unawaka. Mlangoni palikuwa na bakuli la msafiri, na mvuke ulikuwa bado unatoka.

Alisimama pale na mzigo kichwani. "Mama," alisema, "hili ni la nani? Tulishaacha."

"La msafiri," sauti ya mama Ikupa ilijibu kutoka ndani. "Kula, kabla halijapoa."

Sekela alitua mzigo, akakaa kizingitini, akala. Lilikuwa bakuli la kwanza la msafiri kuliwa likiwa moto Irembwe.

Baadaye aliolewa na mchonga mizinga ya nyuki mmoja, ambaye ndiye aliyehamia kwa mama Ikupa badala ya yeye kuhamia kwake, jambo lililosemwa sana kisimani. Walizaa. Sekela alifurahi, na sitawadanganya kwamba alisahau. Hata alipokuwa bibi kizee asiyesikia vizuri, mtu akipiga mluzi vibaya huko chini kwenye migomba, mkono wake ulikwenda kwenye mtungi wa maji. Mume wake aliuona mkono ule, akanyamaza, na alikuwa mtu mwema.

Mwaka aliokufa mama Ikupa, Sekela aliuma kamba akapima kile kinukta kimoja. Kulikuwa mbali mno. Hakuweza kusema kama kimezunguka hata kidogo. Akaelewa kwamba mbingu sasa zimekwenda mahali ambapo maisha ya mtu mmoja hayatoshi kuziona zikisogea. Hata hivyo alifunga fundo kwenye ile kamba ya kigingi. Na mwanawe alipooa, alimvika bibi harusi ile kamba, akamwambia, "Mimi nimepima, nimefunga langu. Wewe utapima siku nitakapokufa, utafunga lako, kisha utampa mkweo. Jibu halitakukuta wewe. Lakini lisikose watu wa kulipokea."

Na tangu siku hiyo nyota huonekana zimesimama, na zilizo mbili huonekana moja, na wazee wa Irembwe hawaozeshi mtu kwa kukaa juu ya jiwe. Tangu siku hiyo hakuna mwanamke wetu anayevikwa bangili ya kusubiri. Anayengoja hungoja kwa moyo wake mwenyewe. Na mama mkwe humpa bibi harusi kamba, naye hufunga fundo lake siku ya msiba. Ile mliyoicheka leo ina mafundo thelathini na moja. Nimeyahesabu mwenyewe, kwa sababu moja ni langu; huyu mama mkwe wa leo ni mkwe wangu, na lake bado linanisubiri mimi.

Basi nyamazeni kidogo, mtazame kule mlangoni. Mama mkwe ametoka na bakuli, anaita, na bibi harusi anakuja kukaa kizingitini. Mpisheni. Anatakiwa ale likiwa moto.